Tasbihi ya Punje Moja

"Mama Saumu, hivi ukishamwambia Mungu neno mara moja, hakusikia? Mbona unamrudia mara thelathini na tatu, kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu, Mama Faraja, aliponikuta uani na tasbihi yangu baada ya alasiri. Yeye wa kanisani, mimi wa msikitini. Miaka ishirini tunataniana na hatujagombana. Siku hiyo sikucheka. Mume wangu alikuwa na wiki sita kaburini. Alianza kwa kupepesuka njiani, watu wakasema amelewa, akamalizia kwa kushindwa kushika kijiko. Hospitali walisoma vinasaba vyake, wakatupatia karatasi: havina kasoro. Mtu hana kasoro, na tumemzika.

Mama Faraja sikumjibu siku ile. Namjibu sasa, kwa kuwa eda ilipokwisha nilisafiri, nikafika nchi ya Shubirini, na huko nililiona jibu kwa macho yangu. Safari yenyewe siisimulii. Njia ni njia, vumbi ni vumbi. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaandika nilichokiona na kukisikia. Cha kubuni sikiwezi.

Pale lango la nchi kulikuwa na karani mwenye kofia ya kijani. Alipekua kikapu changu, akatoa tasbihi, akaigeuzageuza.

"Hii nini, mama?"

"Tasbihi. Punje thelathini na tatu."

Akazitazama punje kwa makini, moja baada ya nyingine, mpaka akarudi kwenye kishada. Kisha akaandika kwenye karatasi yangu: *Punje, moja.*

"Mwanangu, ni thelathini na tatu."

"Zinafanana, mama?"

"Zinafanana."

"Basi ni moja. Karibu Shubirini."

Akagonga muhuri, akanirudishia tasbihi yangu. Nikaikunja karatasi nikaitia kifuani. Nimelelewa kutokutupa karatasi ya serikali hata ikiwa na upuuzi, na nashukuru kwa malezi hayo.

Sheria za Shubirini ni nyingi, lakini zote zimezaliwa na mbili. Ya kwanza: hakuna kusoma kitu kirefu kuliko shubiri, yaani kutoka ncha ya dole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Kikizidi hapo, kwanza kinakatwa. Wanasema zamani msomaji mmoja alisoma tangazo refu, akasinzia katikati, akaruka mstari, na mji mzima ukapanda mbegu siku ya kuvuna. Tangu hapo wanakata. Kipande kifupi hakimsinzishi mtu, na kwa kweli katika kipande kifupi hawakosei. Ya pili: kinachofanana ni kimoja. Kilichokwisha kusemwa hakisemwi tena, kilichokwisha kuandikwa hakiandikwi tena, na chombo chochote cha kuhesabia vitu vinavyofanana ni marufuku.

Sasa uwaone wanavyoishi. Hodi inapigwa mara moja; mwenye nyumba asiposikia, mgeni anarudi kwao. Mama akimwita mtoto na mtoto asisikie, hamwiti tena, anamfuata kwa miguu, na ndiyo maana kina mama wa huko ni wembamba. Nyimbo wanazo nzuri, ila kiitikio kinaitikiwa mara moja tu, basi, watu wanabaki wamekaa wakitazamana. Na chakula, ewe Mola. Nilipewa uji asubuhi ya kwanza, madonge kama mayai ya njiwa. Nikauliza nani kaupika. Kumbe mapishi yao yaliandikwa zamani *koroga, koroga, koroga*, yakapita mikononi mwa wakataji, yakatoka *koroga*. Basi wanakoroga mara moja, wanaweka mwiko chini. Nchi nzima inakula madonge na kusifu.

Aliyenipa uji huo ni Bi Sikujua, mjane kama mimi, mfinyanzi wa vyungu. Ndiye aliyenipokea. Alikuwa na binti mmoja, Chausiku, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye maneno makali na mikono mizuri. Alinitengea maji ya kunawa, na alipokuwa anakuja na birika nilimwona anaweka mguu kama mtu anayeshuka ngazi asiyoiona. Birika likayumba. Akagonga mlango kwa bega, akacheka.

"Usinitazame hivyo, mama mgeni. Kwetu hapa wanasema nimelewa. Mimi hata togwa lililochacha linanitapisha."

Mimi sikucheka. Mwendo ule nilikuwa nimeusindikiza miaka minne ndani ya nyumba yangu.

Bi Sikujua akanieleza. Huko kila mtu anazaliwa na sanduku la tepe. Tepe zenyewe ni ndefu, zimefumwa kwa alama nne tu, fundo, tundu, mstari na nukta. Upande mmoja amerithi kwa baba, upande mmoja kwa mama. Ndani ya sanduku mna nakala nyingi za utepe ule ule. Alama zile ndizo zinazosema mtu awe mrefu au mfupi, nywele ziwe vipi, damu iwe vipi, na kama kuna ugonjwa umefumwa humo, upo humo. Mtu akiugua, sanduku linapelekwa Nyumba ya Mkasi. Wakiona kasoro anatibiwa au anatunzwa. Wasipoiona, huyo si mgonjwa, ni mlevi au mjanja, na walevi na wajanja wanapelekwa Chumvini, kwenye mashimo ya chumvi, hawarudi.

"Mume wangu, Shomari, alipelekwa huko miaka sita iliyopita," akasema Bi Sikujua. "Hakunywa hata siku moja. Nililisema barazani. Wakaliandika. Sasa Chausiku hukumu yake ni keshokutwa, na nikilisema tena wananiambia limeshasemwa."

"Na nani alisoma utepe wa Shomari?"

"Ndugu yake. Bwana Mfaume, Mkataji Mkuu. Baba mmoja, mama mmoja."

Kesho yake nikaenda Nyumba ya Mkasi, kwa kuwa wageni wanaruhusiwa kutazama. Ni jumba refu, meza mbili. Kwenye meza ya kwanza wanakaa wakataji: kwacha, kwacha, kwacha, shubiri kwa shubiri. Kwenye meza ya pili wamekaa wapangaji arobaini waliovaa kanzu za kijivu. Kazi yao ni kuunganisha. Mmoja anaokota kipande kinachoishia na *fundo, fundo, nukta*, anatafuta kingine kinachoanza hivyo, anavipandanisha, na utepe unarudi kuwa mrefu. Nisiwaseme vibaya, nilikaa saa nzima nikaona wanagundua fundo moja lililokaa mahali pa nukta katika utepe wa mtoto, na mtoto akaandikiwa dawa siku hiyo hiyo. Ni watu hodari.

Lakini nikaona pia jambo jingine. Mpangaji mmoja alikuwa na vipande vingi vinavyosema neno moja tu, *fundo, tundu, mstari, fundo, tundu, mstari*, mwanzo mpaka mwisho. Havikuwa na cha kuanzia wala cha kuishia. Alivitazama, akavipanga kimoja juu ya kingine kama chapati, akabandika cha juu kwenye utepe. Vilivyobaki akavifagilia kwenye ndoo.

"Baba," nikamwuliza, "hivyo vya kwenye ndoo vilikuwa vingapi?"

"Vinafanana, mama. Kinachofanana ni kimoja."

"Sawa. Na nyinyi mliovaa kanzu za kijivu, mko wangapi?"

"Arobaini."

"Mbona mnafanana? Mchana mnaletewa sahani ngapi za wali?"

Jirani yake akaangua kicheko, akajibana mdomo kwa kipande cha utepe. Hapo akatokea Bwana Mfaume mwenyewe, mzee wa haiba, ndevu zimechanwa, mkasi wa shaba kiunoni. Alinisalimu vizuri, akaagiza niletewe kahawa. Yake aliinywa amesimama, ameegemea ukuta. Alipokirudisha kikombe alikikosesha sahani, kikatua mezani, kahawa ikamwagika kidogo. Akasema meza haiko sawa. Meza ilikuwa sawa. Alipoondoka alipita kando kando ya ukuta, vidole vikiugusa, na wapangaji wakajifanya wanatazama vipande vyao. Niliona, nikanyamaza. Mgeni haanzi kwa kumtangaza mwenyeji.

Jioni Bi Sikujua akanipeleka kwa mwanamke anayeitwa Kidawa, nje ya mji. Kidawa anasoma tepe bila kukata. Ana chungu cha maji, na chini ya chungu kuna tundu jembamba sana, utepe mmoja unapita kwa shida. Anaingiza ncha, anavuta taratibu, utepe mzima unapita, na kila alama inapobanwa na tundu, maji yanavuma. Fundo lina mvumo wake, tundu lina wake, mstari wake, nukta yake. Yeye anasikiliza.

"Hukosei?" nikamwuliza.

"Nakosea sana tu, mama yangu. Katika alama kumi naweza kukosa moja. Maji yanavuma haraka, sikio ni nyama. Kwa hiyo nakala ya pili naivuta, na ya tatu, mpaka ya tano. Makosa yangu leo yako hapa, kesho yako kule. Ukweli ndio unaokaa mahali pamoja." Akafuta mikono. "Wale wa mkasi hawakosi alama. Wanakosa urefu."

Aliniambia kwamba kwa siri amewasoma watu kumi na mmoja wanaopepesuka. Kwenye utepe wao kuna mahali neno *fundo, tundu, mstari* linajirudia. Wazima nao wanalo, lakini halifiki mara thelathini. Wanaopepesuka linazidi arobaini, na baba akimrithisha mtoto, mara nyingi linaongezeka. Alikuwa akihesabu kwa mikwaruzo ukutani. Wakaja watu wa Nyumba ya Mkasi, wakaupaka ukuta chokaa.

"Sasa kesho barazani nitavuta, nao watasikia," akasema, "lakini kwa masikio matupu nani atajua ni mara ngapi? Na kihesabio ni marufuku."

Mimi nikatia mkono kifuani.

Baraza la Shubirini linakaa asubuhi. Hakimu alikuwa mama mnene mwenye miwani, amechoka, ana haki usoni. Chausiku alisimamishwa mbele. Pembeni karani alikuwa na karatasi ya Chumvini tayari, imebaki sahihi tu. Bwana Mfaume akasoma taarifa yake, vipande vyake vyote.

"Utepe mzima. Hauna kasoro. Anayepepesuka bila kasoro, amekunywa."

Bi Sikujua akainuka. "Mheshimiwa, baba yake naye hakunywa. Shomari hakunywa."

"Limeandikwa miaka sita iliyopita," karani akasema bila kuinua kichwa. "Halirudiwi."

Bi Sikujua akakaa. Nikaona jinsi alivyokaa, kama mzigo ulioshushwa vibaya.

Kidawa akaomba kuvuta. Bwana Mfaume akacheka kwa heshima.

"Mheshimiwa, sisi katika alama elfu tunakosa moja. Chungu hiki katika kumi kinakosa moja. Tumpeleke mtu Chumvini au tumwache, kwa kusikiliza maji?"

"Ni kweli nakosa," Kidawa akasema. "Nitavuta nakala tano, makosa yajitenge yenyewe. Na mama huyu atanihesabia."

"Kwa chombo gani? Kihesabio ni marufuku!"

Hapo nikasimama. Nilimtaja Mola na nikasogea. Nikainua tasbihi, nikamkabidhi Hakimu karatasi ya langoni. Akaisoma, akaisoma tena, ingawa kwao kusoma tena ni kosa dogo.

"Imeandikwa *Punje, moja,*" akasema. "Ina muhuri. Bwana Mfaume, punje moja inaweza kuhesabu nini?"

"Mheshimiwa, zile ni..." Angesema thelathini na tatu, angekuwa amevunja sheria yake mwenyewe mbele ya watu. Wapangaji walikuwa wamejaa mlangoni. Yule wa jana alinikonyeza.

"Inaruhusiwa," akasema Hakimu. "Vuta."

Kidawa kwanza alivuta utepe wa karani, ili tuwe na mzima wa kulinganisha. Maji yakavuma. Kila *fundo, tundu, mstari* mimi nasukuma punje. Kumi na tisa, mvumo ukabadilika. Akavuta utepe wa Chausiku. Nikasukuma. Mvumo ule ule, mvumo ule ule. Nikafika kwenye kishada, nikaanza upya. Nikafika kwenye kishada mara ya pili, punje nne zaidi, ndipo maji yakabadili sauti. Nakala ya pili, mizunguko miwili na punje tatu. Ya tatu, mizunguko miwili na nne. Ya nne na ya tano hivyo hivyo. Mimi miaka yote nilikuwa najua kwamba neno la kwanza la tasbihi si sawa na la thelathini na tatu, lakini sikuwahi kulisikia likivuma ndani ya maji.

"Sabini," akasema Kidawa. "Hajanywa. Amerithi."

Chausiku alipumua kwa nguvu. "Kwa hiyo sitapona," akasema.

"Sijui dawa, mwanangu. Najua ni nini. Mwenye hali yako anapewa kazi ya kukaa na mtu wa kumshika mkono. Hapelekwi kubeba chumvi."

"Kukaa nakuweza," Chausiku akasema. "Nitawatukana wapita njia." Watu wakacheka, naye akafuta macho.

Lakini Bwana Mfaume hakuwa amekubali. Alikuja mbele, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza ya Hakimu.

"Chungu hiki kinavumia ukoo wetu vibaya kwa makusudi," akasema. "Karani si wa kwetu. Mimi ndiye wa kwetu. Baba wa Shomari ndiye baba yangu. Miaka sitini na moja sijaonja pombe, na mnaniona nimesimama. Kileteni kisanduku changu. Mvumo ukitoka mfupi, basi utepe wa kwetu ni mzima, na binti huyu na baba yake ni walevi. Nataka Baraza lisikie."

Hakimu akamtazama juu ya miwani. "Una hakika, Bwana Mfaume?"

"Vuta!"

Sanduku lake likaletwa. Kidawa akaingiza ncha ya utepe tunduni. Mimi nilitamani nisiwe na tasbihi siku ile, walahi. Kumi. Ishirini. Baraza zima lilikuwa limeanza kujua mvumo ule, kama wimbo. Thelathini. Nikafika kwenye kishada na maji hayajabadilika. Nikapita. Punje kumi na mbili.

"Arobaini na tano," nikasema.

"Kosa," akasema. "Vuta tena."

Nakala nyingine. Mzunguko mmoja, punje kumi na mbili.

"Vuta tena," akasema, kwa sauti ya chini.

Kumi na mbili. Mara ya nne Kidawa aliinua utepe, akamtazama, akangoja. Bwana Mfaume hakuagiza tena.

Hakimu akamgeukia karani. "Karatasi ya Chumvini ipasuliwe."

"Vipande vya ukubwa gani, mheshimiwa?"

"Vidogo. Hiyo ndiyo kazi mnayoijua."

Karani akapasua. Katika ule mlio wa karatasi Bi Sikujua akasimama. Hakuwa akimtazama Hakimu; alimtazama shemeji yake.

"Shomari hakunywa," akasema.

Karani akaweka kalamu chini.

"Shomari hakunywa," akasema tena. "Shomari hakunywa. Shomari hakunywa." Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayevuta uradi, na mimi, Mungu anisamehe kama nilikosea, nilijikuta kidole gumba kinasukuma punje. Hakuna aliyemkatiza. Kule mlangoni mpangaji mmoja alivua kofia yake ya kijivu, na mwingine akavua.

Bwana Mfaume alifungua mkanda, akauweka mkasi wa shaba mezani. Ulimponyoka kidogo ukagonga mbao. Safari hii hakusema meza haiko sawa. Akageuka kuelekea mlangoni, akautafuta ukuta wa kulia kwa vidole.

"Baba mkubwa," Chausiku akamwita. "Shika wa kushoto. Wa kulia una kizingiti karibu na mlango, mimi kimeniangusha mara mbili."

Alisimama. Akavuka ukumbi taratibu, akaushika ukuta wa kushoto, na kiganja chake kikiuambaa mpaka mwisho, akatoka.